Bi Hakika na Mashine ya Kupima Uongo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mkuu wa Chumba cha Prufu, panaposomwa nakala za majaribio kabla ya kuchapwa, atakabidhi funguo zake na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha uchapaji kwa miaka thelathini na miwili. Kitambulisho chake cha kazi kina jina lake kamili, lakini ukilitaja jina hilo getini mlinzi atakuuliza unamtafuta nani. Sisi sote, kuanzia mkurugenzi hadi wapakiaji, tunamjua kama Bi Hakika.

Jina hilo alilichuma mwenyewe katika juma lake la kwanza kazini. Fundi mmoja wa mtambo alimjia mbio kumwambia kwamba mteja ameidhinisha kijitabu cha afya na kazi inaweza kuanza. Yeye, mgeni ambaye hata kabati lake la nguo alikuwa hajapewa, akamuuliza: "Una hakika, au umesikia?" Fundi alikuwa amesikia. Simu ikapigwa, na ikabainika kwamba mteja alikuwa ameidhinisha rangi ya jalada tu, maneno ya ndani alikuwa hajayasoma. Tangu siku ile hakuna aliyemwita vinginevyo.

Alikuja kwetu na shahada ya hisabati. Wengi walicheka kwamba mtu aliyesomea namba ameajiriwa kutafuta nukta na mikato. Yeye alijibu kwamba anayeweza kuona namba moja iliyopotea ndani ya jedwali hatashindwa kuona herufi. Hakuwa mnyenyekevu, na hatutamsingizia unyenyekevu siku ya kumuaga. Ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kusoma wawili wawili, mmoja kwa sauti na mwingine kwa macho. Ndiye aliyepigania chumba chetu kipate dirisha la pili. Ndiye pia aliyerudisha kadi za harusi ya binti yake mwenyewe kwa mchapaji mara tatu, hadi upande wa bwana harusi ukaanza kuuliza kama harusi ipo. Mumewe, mwalimu mstaafu mwenye uvumilivu wa ajabu, husema kwamba akimwambia mkewe mvua inanyesha, mkewe hufungua dirisha kwanza, kisha ndipo huenda kuanua nguo.

Hayo ni ya kuchekesha, na yapo mengi ya aina hiyo. Lakini jarida hili la kiwanda lingewapunja wasomaji wake, hasa nyinyi mlioajiriwa karibuni, kama lingeupita kimyakimya mwaka wa mashine. Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa wasomaji wa prufu wanne waliokuwa chini ya Bi Hakika wakati huo, na ameyaona haya kwa macho yake.

Mwaka huo tulikuwa tumechapa mitihani ya taifa ya kumaliza shule. Siku chache kabla ya mtihani wa hisabati, picha za karatasi yake zilianza kuzunguka kwenye simu za watu. Mtihani ukafutwa. Maelfu ya watoto waliokesha wakisoma wakaambiwa warudi nyumbani wasubiri tarehe nyingine. Mteja akatutumia ujumbe kwamba, tusipompata mwizi, kazi ya mitihani itapelekwa kwingine. Kila mtu kiwandani alijua maana yake. Bila kazi ile, nusu yetu tusingekuwa na la kufanya.

Hapo ndipo tuliposhika tabia ambayo sisi tuliokuwapo hatupendi kuikumbuka. Meza za kantini zilizokuwa na kelele zikawa kama za chumba cha mtihani. Mtu akienda chooni na simu, macho yalimsindikiza hadi mlangoni. Dada mmoja wa idara ya kujalidi vitabu alikuja na viatu vipya, na kabla hajaulizwa akaanza kueleza kwamba kaka yake ndiye aliyemnunulia. Watu waliokuwa wakichangia chupa moja ya chai kwa miaka sasa kila mmoja alikuja na yake, na kuifunga kwa nguvu. Ukisalimiwa kwa uchangamfu ulijiuliza huyu anataka nini. Usiposalimiwa ulijiuliza amesikia nini.

Menejimenti ikamleta mshauri wa usalama. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri na sauti ya daktari wa watoto. Ndani ya sanduku lake la chuma mlikuwa na mashine ya kupima uongo. Akapewa stoo ndogo iliyopakana na chumba cha huduma ya kwanza. Kioo cha dirisha kikabandikwa karatasi ya kahawia, na ndani zikawekwa viti viwili na meza. Tuliambiwa kwamba kila mfanyakazi ataingia mle kwa zamu. Utafungwa mkanda mmoja kifuani na mwingine tumboni, utavishwa mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, na vidoleni utawekewa vibana viwili. Kisha utaulizwa maswali, na kalamu za mashine zitachora mistari. Karatasi ya ridhaa ilikuwapo ya kutia saini, lakini mkuu wa ulinzi alisema waziwazi kwamba atakayekataa atakuwa amejitaja.

Walianza na karakana ya kukata, kwa sababu ndiko karatasi zinakokamilika. Wa tatu kuingia alikuwa fundi mkuu wa kukata, ambaye wote tunamwita Baba Pacha. Alitoka shati limemganda mgongoni. Kesho yake matokeo yakasema kwamba katika swali la wizi ameonyesha dalili za udanganyifu. Akanyang'anywa kitambulisho mbele ya zamu nzima, akasimamishwa kazi wakati faili lake linaandaliwa kupelekwa polisi. Siku iliyofuata mkewe alikuja kuchukua vitu vyake. Mlinzi alimpitishia mkoba wa mumewe kati ya vyuma vya geti: bakuli la chakula, kandambili, koti la kazi. Ilikuwa saa ya mapumziko na uwanja ulikuwa umejaa watu. Hakuna aliyekwenda kumpa pole.

Inafaa ieleweke kwamba Bi Hakika na Baba Pacha hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Kwa miaka walikuwa wakigombana juu ya pambizo. Yeye alimshutumu kwamba anakata karibu mno na kula namba za kurasa, na fundi alisema kwamba chumba cha prufu kinajifanya kinajua kazi ya kisu. Walikuwa wamefikia mahali pa kuzungumza kwa vikaratasi tu, vilivyobebwa na sisi. Kwa hiyo tulidhani habari ile ingempita tu.

Asubuhi iliyofuata aliingia chumbani, akaweka mkoba wake juu ya meza bila kuketi, akauliza: "Nani kati yenu anajua mashine ile inapima nini?"

"Inapima uongo," nikasema.

"Uongo una uzito? Una joto? Unapimwa kwa kipimo gani?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Inapima mapigo ya moyo, pumzi na jasho," akasema. "Basi. Uongo ni maoni ya yule anayeitazama ile mistari. Mtu mwenye hofu hutoka jasho. Mtu mwenye presha moyo humwenda mbio. Mtu akiulizwa kama ni mwizi mbele ya mtu anayeweza kumfukuza kazi, atakuwa mtulivu kweli?"

Nilimuuliza kama anaamini Baba Pacha hana hatia. Jibu lake sijalisahau.

"Mimi namshuku," akasema. "Ana simu mbili na hamwangalii mtu usoni. Lakini hata wewe nakushuku, na huyo hapo, na huyo. Kushuku hakugharimu kitu. Ninachouliza mimi ni kama mashine inajua zaidi yangu. Kama inajua, nitanyamaza. Kama haijui, tunamfukuza mtu kwa sababu ametoka jasho."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Kila alipopata nafasi alikwenda maktaba ya chuo kikuu, na mara nyingi nilifuatana naye kubeba nakala. Masharti yake yalikuwa machache na hayakulegezwa. Kila sentensi iwe na chanzo. Chanzo kisomwe chote, si muhtasari wake. Usimnukuu mtu aliyemnukuu mtu. Na kinachotuumiza kitafutwe kwa bidii ileile tunayotafutia kinachotufaa.

Mimi nilikuja na kitu nilichokiokota mtandaoni, asilimia kubwa ya kutisha ya watu wasio na hatia ambao mashine huwaita waongo. Nilikuwa najisikia shujaa. Akaniambia nifuate ilikotoka. Tovuti ilikuwa imelinukuu gazeti, gazeti lilikuwa limemnukuu wakili, na wakili, nilipompata kwa simu, akasema aliisoma kwenye tovuti ileile. "Wameegemeana wenyewe kwa wenyewe," akasema Bi Hakika, akaifuta. Ilikuwa sentensi tamu kuliko zote tulizokuwa nazo.

Zilizobaki zilikuwa chache, lakini zilisimama. Ilikuwapo ripoti ya jopo la wanasayansi wa nchi moja kubwa ng'ambo, ya mwaka 2003, lililopitia tafiti nyingi na kuhitimisha kwamba usahihi wa mashine hautoshi kutegemewa katika kuchuja wafanyakazi. Ilikuwapo sheria ya nchi hiyohiyo, ya mwaka 1988, inayowazuia waajiri wengi wa sekta binafsi kuwapima watu wao, ingawa inaacha nafasi kwa hali fulani. Hizo nafasi nazo aliziandika zote. Ilikuwapo pia kesi ya afisa wa ujasusi aliyeuza siri za nchi yake kwa miaka, na katikati ya miaka hiyo akapita mbele ya mashine zaidi ya mara moja bila kunaswa.

Kisha akakuta kitu cha kutuumiza. Jopo lilelile lilisema kwamba, katika majaribio yanayohusu tukio moja mahususi, na kwa watu wasiofundishwa mbinu za kuihadaa, mashine hufanya vizuri kuliko kubahatisha, tena kwa kiasi kikubwa, ingawa iko mbali na ukamilifu. Msaidizi wake, mama mmoja makini aliyefanya naye kazi tangu zamani, alishika kichwa.

"Hilo tusiliweke, dada," akasema. "Wizi wetu ni tukio moja mahususi. Mshauri atalichukua atuchinje nalo."

"Ndiyo maana linakaa ukurasa wa pili," akajibu. "Akilitoa yeye, tutaonekana tulilificha. Tukilitoa sisi, ni jambo lililopo tu."

Kisha akasimama ubaoni. Tupo kama watu mia mbili, akasema. Tuchukulie mwizi ni mmoja. Tuikopeshe mashine sifa ambayo haina uthibitisho, tuseme inapatia mara tisa kwa kila kumi. Katika wale wasio na hatia, itawaita waongo karibu ishirini. Mwizi naye, yumkini, atakuwa kati yao, ingawa anayo nafasi ya kuponyoka. "Kwa hiyo mtakuwa na watu ishirini na moja wametoka jasho," akasema, "na hamtajua yupi ni yupi. Mtakuwa mmerudi mlipoanzia, ila mmeshawavunjia heshima watu ishirini."

Tulidhani tumemaliza. Waraka ulikuwa umepangwa, tanbihi zimehakikiwa, na msaidizi wake alikuwa ameanza kutabasamu. Bi Hakika akaanza kuusoma upya, akakwama kwenye sentensi ya kwanza kabisa, ambayo mimi ndiye niliyeiandika: "Mtihani wa hisabati ulivuja kutoka karakana yetu."

"Chanzo?" akauliza.

Nikasema kila mtu anajua. Akaipigia sentensi mstari mwekundu. Wote tulikuwa tumeyasoma mambo ya ng'ambo hadi tanbihi ya mwisho, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisoma karatasi iliyovuja. Akapanda kwa meneja utumishi, akaomba aonyeshwe zile picha, akarudi nazo kwenye simu yake. Akafunga mlango. Akafungua sefu, akatoa prufu zote za mtihani ule, akazipanga mezani kwa mfuatano, akazilinganisha na picha moja baada ya nyingine.

Mwishowe akatuita. Katika picha ile kulikuwa na pembetatu ambayo herufi zake mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Kosa hilo lilikuwamo kwenye prufu ya kwanza tu. Kwenye ya pili lilikuwa limerekebishwa, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Maana yake, karatasi iliyopigwa picha ilitoka kabla mtambo haujawashwa, kabla kisu cha Baba Pacha hakijagusa kitu. Prufu ya kwanza ilikuwa imeonekana katika sehemu mbili tu. Moja ilikuwa ofisi ya mteja. Nyingine ilikuwa chumba kile tulichokuwa tumekaa.

Tulikuwa watano. Nakumbuka niliangalia mikono ya wenzangu, kisha nikagundua kwamba na wao wanaangalia yangu.

"Dada," msaidizi wake akasema polepole, "ukiipeleka hii juu, sisi tumekwisha. Watamwacha yule na kutugeukia sisi."

"Najua."

"Una wajukuu. Na ile nafasi ya ukuu wa uzalishaji imeshakuwa yako, kila mtu anajua."

"Najua, ndugu yangu," akasema Bi Hakika. "Sasa niandikie ukurasa wa mwisho, mimi nizirudishe prufu sefuni."

Msaidizi alikataa. Ukurasa ule niliuandika mimi.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha bodi, chenye meza ndefu na feni inayolia. Walikuwapo mkurugenzi wa wakati huo, meneja utumishi, mkuu wa ulinzi na mshauri. Mimi nilipelekwa kugawa nakala. Bi Hakika alizungumza kwa sauti ileile anayosomea prufu, bila kupanda wala kushuka. Alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza, mshauri aliinua mkono kwa adabu.

"Mama amefanya kazi nzuri," akasema. "Lakini nadhani amesahau kuwaeleza kwamba ripoti hiyohiyo inakubali kuwa katika tukio mahususi, kama hili letu, mashine inafanya kazi."

"Fungua ukurasa wa pili," akasema Bi Hakika.

Kurasa zikafunguliwa. Maneno ya jopo yalikuwapo, yamenukuliwa yote, pamoja na yanayofuata kuhusu umbali wake na ukamilifu. Mshauri aliyasoma, akaitikia kwa kichwa, akaifunga nakala yake. Ni lazima tumtendee haki. Hakubisha kwa ajili ya kubisha. Mkurugenzi ndiye aliyebisha, na kwa sababu nzuri.

"Sawa, mashine si kamilifu," akasema. "Lakini mteja ananing'ang'ania kooni. Nimpe nini? Nimwambie nina waraka wenye tanbihi?"

Hapo ndipo Bi Hakika aliposoma ukurasa wa mwisho. Alieleza juu ya pembetatu, herufi zilizobadilishana na sehemu mbili. Aliongeza kwamba hilo halimsafishi fundi wa kukata kwa kila jambo duniani. Linaonyesha tu kwamba karatasi ile haikutoka mikononi mwake kazini. "Na kwa kuwa mmeniuliza kabla ya kikao," akasema, "ndiyo, mimi binafsi namshuku. Hilo nalo halina chanzo, kwa hiyo halimo kwenye waraka."

Mkuu wa ulinzi akasogeza kiti chake nyuma. "Kwa hiyo ni chumba chako," akasema.

"Chumba changu au ofisi ya mteja."

Mshauri, kwa upole wake uleule, akasema: "Basi, mama, njia ni rahisi. Sanduku liko hapo chini. Anza wewe. Ukipita, utakuwa umejisafisha leo hii, na kesho wasomaji wako wafuate."

Nilitamani akubali. Naomba wasomaji mnielewe, sote tulitamani. Tulimjua, moyo wake haukuwahi kwenda mbio kwa sababu yoyote. Angetoka kwenye ile stoo akiwa safi kabla chai haijapoa, na cheo chake kingebaki pale pale.

"Ningepita," akasema. "Sina shaka hata kidogo. Na nyinyi mngeniamini, kwa sababu ambayo nimetumia asubuhi nzima kuwaonyesha kwamba si sababu. Na yule aliyetoka jasho angebaki mwizi kwa sababu hiyohiyo. Siingii."

"Unajua tutalazimika kukuondoa chumbani," akasema mkurugenzi.

"Niondoeni. Kagueni meza yangu, simu yangu, nyumba yangu. Ulizeni nani alikuwa na ufunguo siku gani. Hayo ni maswali, nitayajibu yote. Mkanda sifungwi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mshauri alilipwa safari yake akaondoka na sanduku lake. Wapelelezi wa kawaida wakaja, watu wenye viatu vya vumbi na maswali ya kuchosha, wakatuhoji sote watano, wakapekua simu zetu na majumba yetu. Bi Hakika alihamishiwa stoo ya karatasi, akakaa huko miezi mingi akihesabu marobota. Ukuu wa uzalishaji ulikwenda kwa mwingine. Msaidizi wake aliomba kuhamishwa, na kwa mwaka mzima hakumsalimia. Majirani wa mmoja wetu waliona polisi wakitoka na kompyuta yake, na hadi leo kuna nyumba haingii. Watakaosema kwamba kufuata ukweli ni jambo jepesi hawakuwapo.

Kwetu hakikupatikana kitu. Baadaye mteja aliarifu kwa maneno machache kwamba ameridhika, na kazi ya mitihani ikabaki hapa. Tukasikia pia kwamba afisa mmoja wa upande wao amepelekwa kituo cha mbali. Siku hiyo chumba kizima kilipiga makofi. Bi Hakika, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudishiwa funguo zake, hakupiga.

"Amehamishwa," akasema. "Watu huhamishwa."

Kwa hiyo hatujui. Hatukujua wakati ule, na hatujui leo. Huenda alikuwa yule afisa. Huenda alikuwa mmoja wetu watano, na makala haya yanaandikwa au yanasomwa naye. Tumejifunza kufanya kazi pamoja tukiwa na jambo hilo kati yetu, kukagua funguo kila jioni wawili wawili, na kutomtafuta mtu wa kumfunga mikanda ili sisi wengine tulale.

Baba Pacha alirejeshwa kazini. Alipopata nafasi alikuja hadi mlangoni kwetu, mahali ambapo hakuwa amekanyaga kwa miaka.

"Nimesikia ulisema mbele ya wakubwa kwamba unanishuku," akasema.

"Nilisema."

"Na bado ukanitetea."

"Sikukutetea wewe, fundi. Niliikataa mashine."

Alisimama pale, kofia mkononi. "Mke wangu alipitishiwa bakuli langu kwenye geti kama mke wa mahabusu," akasema. "Wanangu waliacha kwenda dukani kwa sababu ya maneno ya watu. Na wewe, na akili zote hizo, huna hata neno moja la kusema unaniamini?"

Bi Hakika alivuta kiti, akasema "Keti," lakini fundi alishaondoka. Jioni ile, tukifunga madirisha, aliniuliza kama alikosea. Nilimwambia alisema kweli. "Sikuuliza hilo," akasema.

Mwaka uliofuata mke wa Baba Pacha aliugua, akalazwa kwa muda mrefu. Wengi wetu tulikwenda mara moja na matunda, kama watu wanavyokwenda. Bi Hakika alikwenda kila wiki, saa ya kuona wagonjwa, akakaa kando ya kitanda akimsomea magazeti na kumkosoa mwandishi kila aya. Hakutuambia. Tulilijua baadaye, kwa mgonjwa mwenyewe, alipopona. Alisema kwamba siku moja mgeni wake alikunja gazeti katikati ya sentensi, kisha akamwambia: "Mwambie mumeo namwamini. Ushahidi sina."

Baba Pacha ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya kumuaga.

Mwongozo wa utumishi wa kiwanda sasa una kifungu kinachosema kwamba hakuna mfanyakazi atakayepimwa kwa mashine ya uongo wala kuhukumiwa kwa matokeo yake. Chama cha wafanyakazi kimeuomba waraka wake na kuusambaza kwingine, pamoja na ukurasa wa pili. Mwaka jana alikuja muuzaji mwenye kamera ambayo, alisema, husoma uso wa mtu na kujua anachoficha. Mkurugenzi wetu wa sasa hakumjibu. Alichukua kile kijitabu chake chenye picha za rangi na kukishusha chumba cha prufu. Kilirudi juu kikiwa chekundu kuliko cheupe, na muuzaji hajaonekana tena.

Bi Hakika anaondoka akiwa amefundisha wasomaji ambao leo wanaongoza vyumba vya prufu katika viwanda vingine, na akiwa amepatana na msaidizi wake wa zamani, ambaye husafiri naye siku hizi kwenda kuwatazama wajukuu. Anasema atalala mchana, atajifunza kuogelea, na hatasoma chochote chenye tanbihi. Mumewe ameomba tusiliandike hilo la mwisho kama jambo la hakika.

Aliomba pia kuyasoma makala haya kabla hayajachapwa. Tulikataa, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Makosa yaliyomo ni yetu, Bi Hakika, na tunajua utayaona yote kabla keki haijakatwa. Tunakushukuru kwa macho yako, kwa ukaidi wako, na kwa siku ile uliposema huingii. Nenda kapumzike, mama yetu. Ujaliwe afya, nyumba yako iwe na amani, na miaka iliyo mbele yako iwe mingi na mizuri. Hilo tunakuombea sote.